Nyumba ikiezuliwa, mbona kodi haioni hasara?

Wakazi wa kaunti za Kisii na Nyamira hawahitaji mtaalamu kuwaeleza tabia ya mvua yao. Asubuhi jua huwaka. Adhuhuri mawingu yaliyobeba unyevu wa Ziwa Viktoria hupanda vilima vya Gusii. Na ifikapo alasiri radi hunguruma na mvua ya mawe hupiga mabati. Upepo nao haubishi hodi. Dhoruba moja ya nusu saa hutosha kuezua paa la nyumba ambayo mwenyewe ameijenga kwa miaka kumi, bati baada ya bati, mkopo baada ya mkopo.

Katika vijiji vingi mwenye nyumba hiyo ni mwalimu. Yeye ndiye mtu wa mshahara anayejulikana na kila mtu, na mshahara huo hutozwa kodi kabla haujamfikia mkononi. Nyumba yake haina bima. Anapoanza kuhesabu mabati yaliyopeperuka, dari iliyolowa na vitabu vilivyogeuka uji, hujiuliza swali ambalo si la kipumbavu hata kidogo: Je, hasara hii siwezi kuiondoa katika mapato yangu ya mwaka ili nitozwe kodi ndogo zaidi? Wengine wamesikia kutoka kwa jamaa zao walioko Minnesota, Marekani, ambako Abagusii wengi wamehamia, kwamba huko jambo kama hilo limo katika sheria. Kwa nini basi lisiwemo hapa kwetu?

Swali hili linastahili jibu kamili, kwa sababu mbili. Kwanza, lina fedha ndani yake. Pili, wengi wetu hatulijibu vyema kwa kuwa maneno tunayoyatumia hutupoteza njia kabla hatujafika kwenye hesabu.

Tuanze na sheria yenyewe. Sheria ya Kodi ya Mapato ya Kenya, Sura ya 470, ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1974. Kifungu chake cha 15 kinamruhusu mlipa kodi kuondoa katika mapato yake gharama alizoziingia kwa ajili ya kuyapata mapato hayo, na kwa ajili hiyo pekee. Kifungu cha 16 kinafunga mlango kwa yasiyoruhusiwa. Hakiruhusu gharama za mtu za kujitunza yeye, jamaa yake au maskani yake, wala gharama nyingine yoyote ya kibinafsi au ya nyumbani. Hakiruhusu gharama za kimtaji, ila pale sheria inaposema vingine. Hakiruhusu pia gharama au hasara ambayo mtu anaweza kurudishiwa kwa mkataba wa bima.

Hapo ndipo wasomaji wengi hujikwaa. Mtu akisoma kwamba hasara yenye bima hairuhusiwi, huharakisha kusema: Basi hasara isiyo na bima inaruhusiwa! La hasha. Kukataza kitu kimoja si kuruhusu kinyume chake. Mzazi akimwambia mtoto asile embe bichi, hajamruhusu kula kila embe bivu la jirani. Hasara isiyo na bima ni sharti kwanza ipite katika lango la kifungu cha 15, na nyumba ya kuishi haipiti. Mwalimu hapati mshahara wake kwa sababu ana paa; anaupata kwa sababu anafundisha. Kwa hiyo, machoni pa sheria, paa lake ni sawa na sahani yake ya ugali: jambo lake mwenyewe.

Jibu la swali letu, kwa sheria ya Kenya, ni kwamba mfanyakazi wa mshahara hawezi kuondoa hasara ya makazi yake katika mapato yanayotozwa kodi, awe na bima au asiwe nayo. Asidanganywe na wakala yeyote wa kujaza fomu za kodi anayemwahidi vingine ifikapo tarehe 30 Juni.

Lakini jibu hilo halimalizi mjadala. Hebu sasa tuyatazame maneno, maana asiyejua maana haambiwi maana.

Neno tunalolisikia zaidi ni "makato". Mwalimu akiifungua hati yake ya mshahara, makato ni yale aliyonyang'anywa: kodi, mkopo wa chama cha akiba, bima ya afya, tozo ya nyumba. Kwake, makato ni maumivu. Mhasibu naye akitumia neno hilo hilo anaweza kuwa na maana iliyo kinyume kabisa: kiasi kinachoondolewa katika mapato kabla ya kodi kupigwa hesabu, yaani jambo la kumpunguzia mlipa kodi mzigo. Neno moja, maumivu na dawa. Si ajabu kwamba mtu akiambiwa "hasara hii haina makato", hufikiri ameponea.

Kwa ajili ya makala haya nitatumia maneno manne na kuyatenga. "Punguzo la mapato" ni kiasi kinachoondolewa katika mapato kabla ya kutozwa kodi. "Nafuu ya kodi" ni kiasi kinachoondolewa katika kodi yenyewe ikishapigwa hesabu. "Fidia" ni malipo ya hasara kutoka kwa anayewajibika kulipa. Neno hili la Kiarabu asili yake ni malipo ya kumkomboa mtu. "Msaada" ni kitu unachopewa kwa huruma ya mtoaji, na akikunyima huna pa kumshtaki.

Tofauti ya mawili ya kwanza ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Tuchukue mwalimu wa mfano tu, ambaye mapato yake yanayotozwa kodi ni shilingi 60,000 kwa mwezi, yaani 720,000 kwa mwaka. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2023, shilingi 24,000 za kwanza za mwezi hutozwa asilimia 10, shilingi 8,333 zinazofuata asilimia 25, na zinazozidi hapo hadi 500,000 asilimia 30. Kisha huondolewa nafuu ya kibinafsi ya shilingi 2,400 kwa mwezi. Kwa hesabu hiyo kodi yake ya mwaka inakuwa takriban shilingi 124,600.

Tuseme dhoruba imemharibia nyumba kwa kiasi cha shilingi 200,000. Kama sheria ingempa punguzo la mapato la kiasi hicho chote, mapato yake yangehesabiwa kuwa 520,000. Shilingi 200,000 zilizoondolewa zote zilikuwa katika ngazi ya asilimia 30. Kwa hiyo kodi yake ingepungua kwa shilingi 60,000. Hasara ya shilingi 140,000 ingebaki kuwa yake mwenyewe. Kama badala yake angepewa nafuu ya kodi ya shilingi 200,000, kodi yake yote ya mwaka ingefutika. Anayedai punguzo, kwa hiyo, hadai kujengewa nyumba na serikali. Anadai tu kwamba fedha zilizopeperuka na upepo zisihesabiwe kuwa uwezo wake wa kulipa kodi.

Sasa tulinganishe mapaa. Tuseme dhoruba imepita juu ya soko la Keroka na kuezua mapaa matatu: la duka, la nyumba ya kupangisha, na la nyumba ya mwalimu. Mwenye duka anayeweka vitabu vya hesabu na kulipa kodi ya mapato kwa njia ya kawaida anaweza kuondoa gharama ya kulirekebisha paa lake, kwa kuwa duka ndilo chombo cha kumpatia riziki. Mwenye nyumba ya kupangisha anayetozwa kodi kwa njia hiyo hiyo ya kawaida anaweza kufanya vivyo. Mwalimu hawezi. Mabati yametoka kiwandani kumoja, misumari ni ile ile, na upepo uliwavamia wote alasiri moja. Tofauti ni nani analala chini ya paa.

Lakini tuwe wakweli, msomaji asije akadhani kwamba wafanyabiashara wote wanakula raha. Mwenye duka dogo anayelipa kodi ya mauzo hutozwa kwa jumla ya mauzo yake, na haruhusiwi kuondoa gharama yoyote. Mwenye nyumba za kupangisha aliye katika mpango wa kodi ya mapato ya pango, ambao tangu tarehe 1 Januari 2024 kiwango chake ni asilimia 7.5 ya pango lote, naye haondoi hata gharama ya msumari mmoja. Tena, hata katika njia ya kawaida, kurekebisha ni tofauti na kujenga upya: jengo likianguka lote likajengwa jingine, hiyo ni gharama ya kimtaji na haiingii katika marekebisho. Hivyo sheria yetu ina milango mingi na mingi imefungwa. Tofauti ni kwamba wafanyabiashara wana angalau mlango mmoja wa kuingilia. Mwenye makazi hana hata dirisha.

Watetezi wa sheria ilivyo wana hoja nzito, na si haki kuificha. Husema hivi: Mtu anayeishi katika nyumba yake hatozwi kodi kwa faida ya kuishi humo bila kulipa pango. Akiiuza nyumba aliyoishi mfululizo kwa miaka mitatu kabla ya kuiuza, faida yake haitozwi kodi ya ongezeko la mtaji. Maadamu serikali haichukui sehemu ya faida ya nyumba, kwa nini ibebe sehemu ya hasara? Mgala muue na haki yake mpe. Hoja hiyo ina mantiki.

Hata hivyo mantiki hiyo imejengwa juu ya nyumba inayouzwa. Nyumba ya mwalimu wa Kitutu au Bobasi haijengwi ili iuzwe. Imesimama juu ya ardhi ya babu, kando ya makaburi ya wazee, na aghalabu hati ya shamba ingali katika jina la marehemu. Msamaha wa kodi ya kuuza una faida gani kwa mtu asiyeweza kuuza? Faida yake iko kwenye karatasi, lakini hasara yake iko matopeni. Isitoshe, msingi wa kodi ya mapato ni uwezo wa kulipa. Katiba ya 2010, katika ibara ya 201, inasema mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki. Walimu wawili wenye mshahara sawa, mmoja ameezuliwa paa na mwingine hajaezuliwa, hawana uwezo sawa mwaka huo. Sheria inawaona kuwa pacha.

Tena si kweli kwamba sheria haiyatambui makazi hata kidogo. Inayatambua vizuri sana pale benki inapohusika. Anayenunua au kuboresha nyumba ya kuishi mwenyewe kwa mkopo wa taasisi zilizotajwa katika sheria huruhusiwa kuondoa riba ya mkopo huo katika mapato yake. Kikomo kilikuwa shilingi 300,000 kwa mwaka, na sheria ya kurekebisha kodi iliyoanza kutumika tarehe 27 Desemba 2024 ikakipandisha hadi 360,000. Sheria hiyo hiyo iliruhusu tozo ya nyumba za bei nafuu, ambayo ni asilimia 1.5 ya mshahara, iondolewe katika mapato kabla ya kodi. Anayelipia bima ya maisha, ya elimu au ya afya naye hupata nafuu ya asilimia 15 ya malipo yake, isiyozidi shilingi 60,000 kwa mwaka. Bima ya nyumba haimo katika orodha hiyo.

Yatafakari hayo kwa pamoja. Riba anayolipwa mkopeshaji wa nyumba yangu inatambuliwa. Mchango wangu wa kujenga nyumba ambayo huenda nisiwahi kuiona inatambuliwa vile vile. Paa lililong'olewa juu ya vichwa vya wanangu halitambuliwi, na malipo ambayo ningeyatoa kulikinga paa hilo hayatambuliwi pia. Basi yule aliyejenga kidogo kidogo kwa jasho lake bila kukopa benki, kama wafanyavyo watu wengi wa Gusii, ndiye asiyekuwa na jina katika sheria ya kodi.

Jambo hili linashangaza zaidi tukikumbuka historia. Katika Kiswahili neno "kodi" lina maana mbili: fedha anayolipwa mwenye nyumba na fedha inayolipwa serikali. "Kodi ya nyumba" kwa mpangaji wa leo ni pango la mwezi. Kwa babu zetu ilikuwa amri ya dola. Kanuni za kodi hiyo zilitungwa mwaka 1901 katika Himaya ya Afrika Mashariki. Kituo cha utawala cha Kisii kilianzishwa mwaka 1907. Na baada ya vita vya 1908, vilivyofuata kitendo cha Otenyo kumchoma mkuki afisa Northcote, utawala huo ulishika mizizi na kodi ikakusanywa nyumba kwa nyumba. Mume mwenye wake watatu alilipia nyumba tatu.

Katika Ekegusii neno "enyomba" ni jengo, na pia ni watu: mama mmoja na wanawe, tawi la ukoo. Mkoloni alipohesabu nyumba alikuwa anahesabu watu, na alijua hivyo. Kodi ya mapato ilikuja baadaye, mwaka 1937, ikiwa na fikra za Uingereza kwamba mtu hupata riziki mahali pamoja na kuila mahali pengine. Kwa fikra hiyo makazi yakawa mahali pa matumizi tu. Kwa hiyo dola iliyoanza kwa kuitoza nyumba ikiwa imesimama ikaishia kutoiona ikianguka.

Radi na upepo si maadui pekee wa nyumba za eneo hili. Mwaka 1992, na tena mapema mwaka 2008, nyumba ziliteketezwa katika mpaka wa Borabu na Sotik, na waliopoteza makazi walikuwapo pande zote mbili. Bima ya kawaida ya moto aghalabu haifidii moto wa ghasia za kisiasa mpaka mtu alipie kinga ya ziada, kwa hiyo hata aliyekuwa na bima huenda alijikuta hana. Mwaka 2008 serikali ilianzisha mpango ulioitwa Operesheni Rudi Nyumbani. Chini yake familia ilipangiwa shilingi 10,000 za kuanzia maisha, na iliyoteketezewa nyumba shilingi 25,000 za kujengea. Sidharau shilingi hizo. Nasema tu kwamba ulikuwa msaada, wala si haki iliyoandikwa. Msaada hutegemea mwaka, bajeti, orodha na anayeiandika orodha. Haki iliyoandikwa katika sheria ya kodi humngoja mwenyewe aidai.

Je, hao Wamarekani wanaosifiwa wamefanyaje? Sheria yao ya kodi ya mapato ya mwaka 1913 iliruhusu tangu mwanzo kuondoa hasara zilizotokana na moto, dhoruba au meli kuzama, mradi hazikufidiwa na bima au kwa njia nyingine. Mwanzoni mlango ulikuwa wazi. Baadaye ukabanwa kidogo kidogo. Mwaka 1964 waliweka sharti kwamba dola 100 za kwanza za kila tukio zisihesabiwe. Mwaka 1982 wakaongeza kwamba hasara ihesabiwe pale tu inapozidi asilimia 10 ya mapato ya mwaka. Sheria ya mwaka 2017 ikaubana zaidi: kuanzia 2018, hasara ya makazi iliruhusiwa tu kama ilitokana na janga lililotangazwa na serikali kuu. Mwaka 2025 sheria nyingine iliudumisha utaratibu huo, ila ikayaongeza majanga yanayotangazwa na majimbo. Kwa hiyo jamaa wa Minnesota anayesema "huku paa likiharibika unapunguziwa kodi" anasimulia zaidi sheria ya jana kuliko ya leo. Paa lililoezuliwa na upepo wa kawaida, bila janga kutangazwa, halimpi mwenyewe punguzo hilo.

Hata hivyo kuna mafunzo mawili hapo. La kwanza ni kwamba jambo hili linawezekana. Kodi ya mapato haivunjiki kwa kuitambua hasara ya makazi. La pili ni kwamba halihitaji kuwa shimo lisilo na mwisho, maana mipaka inaweza kuwekwa. Kule mwenye bima hulazimika kwanza kudai kwa kampuni yake kwa wakati, na anacholipwa hutolewa katika hasara. Asiyedai bima yake kwa uzembe hawezi kuisukumia serikali hasara hiyo.

Tukiyachukua mafunzo hayo na kuyapima kwa mazingira yetu, pendekezo langu ni hili. Bunge liruhusu punguzo la mapato kwa hasara ya makazi makuu, nyumba moja kwa kila familia, iliyotokana na moto, radi, dhoruba, mafuriko, maporomoko ya ardhi au ghasia. Uchakavu usihesabiwe, bati lililooza kwa kutu halikuezuliwa na dhoruba. Hasara ihesabiwe pale inapozidi asilimia 10 ya mapato ya mwaka, na kikomo kiwe kile kile cha riba ya mkopo wa nyumba, shilingi 360,000, ili aliyejenga bila benki asiwe duni kwa aliyejenga kwa benki. Fidia au msaada wowote aliopata mtu utolewe kwanza.

Mwalimu wetu wa mfano, kwa masharti hayo, asingeondoa shilingi 200,000 zote. Asilimia 10 ya mapato yake ni 72,000. Angeondoa 128,000, na kodi yake ingepungua kwa shilingi 38,400. Si utajiri. Lakini kwa mtu anayehitaji kununua mabati kabla ya mvua ya kesho, ni tofauti kati ya kuezeka na kutandaza turubai.

Kuna pingamizi tatu zinazotarajiwa. Ya kwanza ni udanganyifu: watu watadai mapaa ambayo hayakuezuliwa. Hofu hiyo ni ya kweli, lakini dawa yake ni ushahidi: picha, stakabadhi za ununuzi, na ripoti ya chifu au ya afisa wa majanga wa kaunti. Mfanyabiashara naye anaweza kudanganya kuhusu paa la duka, wala hatujafuta haki yake kwa sababu hiyo.

Ya pili ni kwamba watu wataacha kukata bima. Nchini Kenya malipo yote ya bima kwa jumla hayafiki asilimia 3 ya pato la taifa. Hatuwezi kuogopa kupoteza mazoea ambayo hatujawa nayo. Hata hivyo hoja ina maana, na jibu lake ni kuandamanisha mambo mawili. Bima ya makazi iingizwe katika ile nafuu ya asilimia 15 pamoja na bima ya maisha, ya elimu na ya afya. Anayejikinga athaminiwe kabla ya janga, na asiyeweza kujikinga asiachwe peke yake baada yake.

Pingamizi ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Punguzo la mapato humfaa mtu anayelipa kodi ya mapato. Mjane wa Nyamache anayeuza ndizi, na kijana wa Tabaka anayechonga mawe ya sabuni, wakiezuliwa mapaa hawana kodi ya mshahara ya kupunguziwa. Tena punguzo huwafaa zaidi wenye mapato makubwa, kwa kuwa wako katika ngazi za juu za kodi. Kikomo kinapunguza dosari hiyo bila kuiondoa. Kwa hao wasio na mshahara njia ni nyingine: Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaziruhusu kaunti kuunda hazina za dharura. Kaunti za Kisii na Nyamira haziwezi kubadili kodi ya mapato, kwa kuwa ibara ya 209 ya Katiba imeiweka mikononi mwa serikali ya kitaifa. Lakini zinaweza kuweka wazi masharti ya hazina zao: nani anastahili, kiasi gani, na baada ya siku ngapi. Haki ya mwalimu isitumiwe kumsahau mjane, wala umaskini wa mjane usitumiwe kumnyima mwalimu haki.

Hadi sheria itakapobadilika, mwenye nyumba afanye nini? Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na apige picha za nyumba yake sasa ikiwa nzima. Na ahifadhi stakabadhi za mabati, mbao na saruji mahali pasipovuja. Kama ana chumba anachopangisha au stoo ya biashara, aziweke hesabu zake mbali na za makazi, kwa kuwa huko sheria huenda ikamsikiliza. Aulize bei ya bima kabla ya kuamua kwamba ni ghali, na aulize hasa yale ambayo bima hiyo haiyafidii. Na asijaze uongo katika fomu za kodi, kwa maana faini yake inaweza kuzidi bei ya paa.

Lililo kubwa zaidi ni kusema. Kila mwaka Mswada wa Fedha hufikishwa Bungeni kabla ya mwisho wa Aprili, na wananchi hualikwa kutoa maoni kabla ya Juni kwisha. Vyama vya walimu hupeleka maoni kuhusu mishahara. Vipeleke pia kuhusu mapaa. Wanafunzi wa sheria, wa biashara na wa Kiswahili wana kazi ya kufanya pamoja hapa. Ibara ya 7 ya Katiba inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, lakini Sura ya 470 husomwa kwa Kiingereza kizito hata kwa wanaokijua. Mwalimu asiyeweza kutofautisha punguzo, nafuu, fidia na msaada kwa lugha yake atadai kimoja apewe kingine, kisha aambiwe ashukuru.

Mvua ya Gusii haitaacha kunyesha, na hatutaki iache, kwa sababu ndiyo inayootesha chai ya Nyamira na ndizi za Kisii. Tunalotaka ni dogo. Nyumba iliyohesabiwa na dola tangu siku za kodi ya kichwa cha paa, ihesabiwe pia siku paa hilo lilipokwenda na upepo.